Molekuli Inayochagua: Uhandisi wa Molekuli na Madini ya Ngara na Biharamulo

1. Utangulizi

Mkulima wa Kirushya, wilayani Ngara, anapovuna maharage huyaanika, huyapiga, kisha huyatia katika ungo na kuyapepeta. Makapi huruka kwa kuwa ni mepesi. Punje hubaki kwa kuwa ni nzito. Baada ya hapo huketi na kuchambua: changarawe hutupwa, punje mbovu huwekwa kando, na mbegu bora huhifadhiwa. Kazi hii yote hutegemea jambo moja, yaani kuwepo kwa tofauti ambayo upepo unaweza kuitumia au jicho linaweza kuiona. Pasipo tofauti hapana kuchambua.

Chini ya ardhi ya wilaya hiyo hiyo kuna kazi ya kuchambua iliyo ngumu kuliko hiyo. Katika miamba ya Kabanga, kusini ya mji wa Ngara na karibu na mpaka wa Burundi, nikeli na kobalti zimo pamoja ndani ya jiwe moja. Metali hizi mbili hufanana mno. Hata zikiisha kuyeyushwa katika asidi, ioni za nikeli na ioni za kobalti huogelea pamoja katika maji yale yale, wala hakuna ungo uwezao kuzitenga. Chombo kinachofaa hapa ni molekuli iliyoundwa kwa makusudi ili iishike kobalti na kuiacha nikeli.

Elimu ya kubuni na kuunda molekuli ili zitende kazi iliyokusudiwa huitwa uhandisi wa molekuli. Makala haya yanaeleza misingi yake kwa mifano miwili, nikeli ya Ngara na dhahabu ya Biharamulo, na kuonyesha kwamba msingi wa elimu hiyo umo katika kemia inayofundishwa katika shule za sekondari.

2. Maana ya Uhandisi wa Molekuli

Mhandisi wa daraja haanzi na mbao wala chuma. Huanza kwa kuuliza: mto una upana gani, na mzigo utakaopita una uzito gani? Akiisha kujua kazi, ndipo achaguapo vifaa na umbo. Mkemia wa zamani aghalabu alikwenda kinyume cha hapo: alipata dutu mpya kwanza, kisha akatafuta matumizi yake. Mhandisi wa molekuli hufuata njia ya mjenzi wa daraja. Huanza na kazi, kisha huuliza: ni atomi zipi, zikipangwa kwa umbo lipi, zitakazotenda kazi hiyo?

Wazo hili si jipya kabisa. Mwaka 1956 mwanafizikia Arthur von Hippel, wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, aliandika makala kuhusu uhandisi wa molekuli, akieleza kuwa vifaa viundwe kuanzia atomi na molekuli zake badala ya kuchukuliwa kama vilivyo. Mwaka 1959 Richard Feynman naye alitoa hotuba mashuhuri kuhusu uwezekano wa kupanga vitu kwa kipimo cha atomi. Lakini ilichukua muda mrefu kabla ya elimu hiyo kupata nyumba yake katika vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha taasisi ya uhandisi wa molekuli mwaka 2011, na mwaka 2019 taasisi hiyo ikawa kitivo kamili. Humo wakemia, wanafizikia, wanabiolojia na wahandisi hufanya kazi pamoja, kwa sababu kazi moja ya molekuli mara nyingi huvuka mipaka ya masomo hayo yote.

3. Pete ya Pedersen

Namna molekuli inavyoweza kuchagua ilionekana wazi katika kazi ya Charles Pedersen, mkemia aliyezaliwa Korea na kufanya kazi katika kampuni ya DuPont nchini Marekani. Katika kuchunguza mabaki machache ya jaribio lililokusudiwa kwa jambo jingine, aliona fuwele ambazo tabia yake ilimshangaza. Ilikuwa molekuli yenye umbo la pete, ambayo atomi zake za oksijeni zimeelekea ndani kama vidole vya mkono unaotaka kushika kitu. Aliitangaza kazi hiyo mwaka 1967.

Miongoni mwa pete hizo iko moja yenye atomi 18 katika mzunguko wake, ambazo 6 kati yake ni za oksijeni. Nafasi iliyo katikati ina kipenyo cha nanometa 0.26 hadi 0.32. (Nanometa 1 ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni.) Ioni ya potasiamu ina kipenyo cha nanometa 0.276 hivi, nayo hukaa humo kama kifuniko katika chungu chake. Ioni ya sodiamu ina kipenyo cha nanometa 0.204, hupwaya, nayo haishikwi kwa nguvu ile ile. Hivyo pete hii, ikiwekwa penye ioni zote mbili, huipendelea potasiamu.

Pedersen hakuwa na shahada ya udaktari. Hata hivyo mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn, walioendeleza elimu ya molekuli zenye kuchagua. Ugunduzi wa kwanza ulitokea bila kukusudiwa. Lakini mara kanuni ilipofahamika, watafiti waliweza kubuni pete nyingine kwa vipimo walivyovitaka. Hapo ndipo ugunduzi ulipogeuka kuwa uhandisi.

4. Nikeli ya Kabanga

Uchunguzi wa kijiolojia uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa eneo la Kabanga lina nikeli. Tangu hapo kampuni mbalimbali zimetoboa miamba na kupima wingi wa madini hayo. Januari 2021 Serikali ya Tanzania na kampuni ya Kabanga Nickel zilitia saini mkataba, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Mpango uliotangazwa ulikuwa kwamba madini yachimbwe Ngara, na metali zisafishwe humu nchini, huko Kahama. Hadi katikati ya mwaka 2025 mgodi ulikuwa haujaanza kuzalisha.

Jiwe la Kabanga lina nikeli asilimia 2 hivi. Maana yake, katika kila kilo 100 za jiwe kuna nikeli kilo 2 tu; kobalti haifiki hata robo kilo. Metali hizo zimefungamana na salfa pamoja na chuma. Kwanza jiwe husagwa, kisha unga wake huchanganywa na maji, povu na molekuli maalumu ambazo upande mmoja hushika punje zenye salfa na upande wa pili huyakimbia maji. Punje zilizoshikwa hupanda juu pamoja na povu. Mchanga usiofaa huzama.

Kutoka hapo njia ni mbili. Njia ya kale ni kuyeyusha kwa moto mkali, ambako salfa hugeuka kuwa gesi yenye madhara. Njia ya pili, iliyokusudiwa kwa Kahama, ni ya maji: unga hutiwa katika chombo chenye joto na shinikizo kubwa la oksijeni, na metali huyeyuka zikawa salfeti. Ni katika maji hayo ndipo nikeli na kobalti zinapoogelea pamoja, na ndipo kazi ya kuchagua inapoanza.

5. Ndugu Wawili Wanaofanana

Wachimbaji wa Ujerumani wa karne zilizopita walizifahamu metali hizi kwa hasira. Jiwe lililoonekana kama la shaba halikutoa shaba. Jiwe lililoonekana kama la fedha lilitoa moshi wenye sumu. Wakadai kuwa majini ya chini ya ardhi yamewaroga, na majina nikeli na kobalti yametokana na majina ya majini hayo. Georg Brandt wa Uswidi alitambua kobalti katika miaka ya 1730, na Axel Cronstedt, naye wa Uswidi, alitambua nikeli mwaka 1751.

Mwanafunzi akitazama jedwali la elementi atazikuta pamoja: kobalti ina namba 27, nikeli 28. Uzito wa atomi wa kobalti ni 58.93 na wa nikeli ni 58.69. Kila moja hutoa elektroni mbili na kuwa ioni yenye chaji mbili chanya. Nusu kipenyo cha ioni ya nikeli ni nanometa 0.069, na cha ioni ya kobalti ni 0.0745. Tofauti hiyo ni ndogo mno, wala pete yenye tundu la kipimo fulani haitoshi kuzitenganisha vizuri. Yapasa kutafuta tofauti nyingine.

Tofauti hiyo imo katika desturi za ioni zenyewe. Majini, kila ioni huzungukwa na molekuli sita za maji: nikeli huonekana kijani, kobalti huonekana waridi. Lakini kobalti ni nyepesi kubadili mkao. Ikipata marafiki wanaoifaa, huweza kuyaacha maji yake na kukaa kati ya majirani wanne tu, kama kitu kilichowekwa kati ya mafiga matatu chini na chungu juu. Katika mkao huo hugeuka kuwa bluu. Nikeli hupenda kubaki na majirani sita na haiachi maji yake kwa urahisi. Basi molekuli yenye kuwabana majirani, hata wanne wakaenea na sita wasienee, itaikaribisha kobalti na kuikataa nikeli.

6. Molekuli Tatu

Molekuli zitumiwazo kwa kazi hii ni asidi zenye fosforasi. Kila moja ina kichwa na mikia miwili. Kichwa kina atomi ya fosforasi na oksijeni, nacho hushika ioni ya metali na kuachia ioni za hidrojeni. Mikia ni minyororo ya kaboni, nayo hupenda mafuta. Molekuli huyeyushwa katika mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, kisha mafuta hayo hutikiswa pamoja na maji yenye metali. Yakiachwa yatulie, mafuta hupanda juu yakiwa na kile kilichoshikwa.

Wakemia waliunda aina tatu, mmoja baada ya mwingine. Katika aina ya kwanza, kila mkia umeunganishwa na fosforasi kwa kupitia atomi ya oksijeni. Katika aina ya pili, mkia mmoja tu umepitia oksijeni. Katika aina ya tatu, iliyoingia viwandani katika miaka ya 1980, mikia yote miwili imeunganishwa na fosforasi moja kwa moja. Kila oksijeni iliyoondolewa imeisogeza mikia karibu na kichwa, na nafasi ya kuizunguka metali ikazidi kubana.

Uwezo wa kuchagua hupimwa hivi. Kwa kila metali huchukuliwa uwiano wa mgawanyo, yaani ukolezi wake katika mafuta ukigawanywa kwa ukolezi wake katika maji. Uwiano wa kobalti ukigawanywa kwa uwiano wa nikeli hupatikana kipimo cha utengano. Katika hali moja ya majaribio (pH 4 na joto la nyuzi 25) vipimo vilikuwa takriban hivi:

Aina ya kwanza (oksijeni mbili): 14
Aina ya pili (oksijeni moja): 280
Aina ya tatu (bila oksijeni hizo): 7,000

Ili maana ya namba hizi ionekane, na ichukuliwe kwamba maji na mafuta ni ya ujazo sawa, na kwamba uwiano wa kobalti ni 10. Kwa kila sehemu 11 za kobalti, 10 zitaingia katika mafuta, yaani asilimia 91. Kwa aina ya kwanza uwiano wa nikeli utakuwa 10 kugawanya kwa 14, yaani 0.71, basi nikeli itakayoingia ni 0.71 kugawanya kwa 1.71, yaani asilimia 42. Hapo kobalti imechafuliwa vibaya. Kwa aina ya pili hesabu hiyo hiyo hutoa asilimia 3.4. Kwa aina ya tatu hutoa asilimia 0.14 tu. Mafuta hugeuka bluu kwa kobalti. Maji chini hubaki kijani kwa nikeli. Kobalti hutolewa katika mafuta kwa kuyatikisa na asidi yenye nguvu zaidi, na mafuta hutumiwa tena.

Atomi mbili za oksijeni zimeondolewa, na uwezo wa kuchagua umeongezeka mara 500. Huo ndio uhandisi wa molekuli.

7. Dhahabu ya Biharamulo

Katika wilaya jirani ya Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005. Tangu 2013 umekuwa mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa kwa kupitia kampuni ya STAMIGOLD. Dhahabu haishambuliwi na asidi za kawaida. Migodi mingi duniani hutumia njia iliyovumbuliwa Glasgow mwaka 1887 na John MacArthur pamoja na ndugu wawili Forrest: ioni mbili za sianidi huikumbatia atomi moja ya dhahabu, na kwa msaada wa oksijeni dhahabu huyeyuka majini. Sianidi nayo ni molekuli inayochagua. Lakini ni sumu kali, na hutaka ulinzi mkubwa.

Wachimbaji wadogo wa Afrika Mashariki aghalabu hutumia zebaki. Zebaki huishika dhahabu, kisha huchomwa ili iondoke. Mvuke wake huvutwa na mchomaji na jamaa zake, na kiasi kinachoanguka mtoni huingia katika samaki. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013, nao ukaanza kutumika mwaka 2017.

Mwaka huo huo wa 2013 ulitokea ugunduzi wa kutia moyo. Katika maabara ya Fraser Stoddart, Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, mtafiti Zhichang Liu alichanganya mmumunyo wa chumvi ya dhahabu yenye bromini na mmumunyo wa pete iliyotengenezwa kwa wanga. Alikusudia kupata muundo wenye matundu ya kuhifadhia gesi. Badala yake, mara tu mimumunyo ilipokutana, zilianguka fuwele nyembamba kama sindano, na dhahabu ikiwa ndani yake. Pete hiyo ina molekuli 6 za glukosi zilizoshikana kwa duara. Ile yenye glukosi 7 na ile yenye 8 hazikufanya hivyo. Umbo la ile ya 6 pekee liliafikiana na chumvi hiyo. Wanga ni chakula cha kila siku: umo katika mahindi na mihogo.

Isidhaniwe kuwa unga wa muhogo utatupwa katika shimo la mchimbaji na kutoa dhahabu. Pete hutengenezwa kwa vimeng'enya vya bakteria, na dhahabu lazima kwanza iyeyushwe ikiwa na bromini, ambayo nayo ni dutu ya hatari. Lakini ugunduzi huu umethibitisha kuwa molekuli isiyo na sumu yaweza kuichagua dhahabu. Hatua zilizobaki ni kazi ya utafiti, na wenye haja nayo zaidi ni watu wa nchi zenye machimbo. Stoddart mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016, pamoja na Jean-Pierre Sauvage na Bernard Feringa, kwa kuunda mashine za molekuli.

8. Elimu Hii na Vyuo Vyetu

Huenda mwanafunzi akadhani kwamba elimu hii ni ya ng'ambo tu. Sivyo. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, Dakta Askwar Hilonga aliunda chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe za kipimo cha nanometa zinazonasa floraidi na metali zenye sumu. Tatizo alilolichagua ni la mahali alipo: maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floraidi inayoharibu meno na mifupa. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Ngara na Biharamulo nazo zina matatizo yao. Nikeli hutakiwa kwa chuma kisichoshika kutu na kwa betri za magari ya umeme. Jiwe likisafirishwa kama jiwe, nchi hulipwa thamani ya jiwe; likisafishwa nchini, hulipwa thamani ya metali. Zaidi ya hayo, masalia yenye salfa yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali. Mto Ruvubu na mto Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji yake huenda hadi Ziwa Viktoria. Kosa litakalofanywa huko juu litanywewa huku chini. Atakayeweza kulipima kosa hilo, na kubuni molekuli ya kulinasa kabla halijafika mtoni, ni mtu aliyesoma kemia na anayeishi karibu na mto.

Mtu huyo huanza na mambo madogo ya Kidato cha Tatu na cha Nne: ioni, pH, umbo la molekuli na uwiano. Hakuna jambo katika sehemu ya 5 na ya 6 za makala haya lisilojengwa juu ya hayo.

9. Jaribio la Darasani

Vifaa: punje moja ndogo ya aidini, maji, salfeti ya shaba kiasi cha ncha ya kijiko, mafuta ya taa yasiyo na rangi, na chupa ndogo ya kioo yenye kizibo. Mwalimu asimamie. Moto usiwe karibu, na aidini isishikwe kwa mkono.

Njia: Punje ya aidini itiwe katika nusu chupa ya maji na kutikiswa hadi maji yapate rangi ya kahawia hafifu. Maji hayo yamiminwe katika chupa nyingine, punje iliyobaki iachwe. Salfeti ya shaba iongezwe na kuyeyushwa. Kisha mafuta ya taa yatiwe juu, kiasi cha vidole viwili, chupa izibwe, itikiswe kwa dakika moja na kuachwa itulie.

Matokeo: Mafuta juu yatachukua rangi ya zambarau au waridi ya aidini, maji chini yatabaki bluu kwa shaba. Vitu viwili vilivyokuwa pamoja vimetengana bila ungo na bila moto.

10. Maswali

(a) Kwa nini ioni za shaba hazikuingia katika mafuta ya taa? Ni sehemu gani ya molekuli za sehemu ya 6 ambayo ingeziwezesha kuingia?

(b) Uwiano wa mgawanyo wa kobalti ni 10 na ujazo ni sawa. Maji yakitikiswa na mafuta mapya mara ya pili, ni sehemu gani ya kobalti itakayobaki majini? (Jibu: 1 kwa 121.)

(c) Kila ioni ya kobalti inayoshikwa huachia ioni mbili za hidrojeni. pH ya maji itapanda au itashuka? Mwendeshaji wa kiwanda afanye nini ili kazi iendelee?

(d) Wanafunzi watafute tatizo moja la maji, udongo au madini katika kata yao, na waandike kwa sentensi moja kazi ambayo molekuli ingepaswa kuitenda ili kuliondoa. Umbo la molekuli litatafutwa baadaye. Mhandisi huanza na kazi.